Farasi, Motokari na Kichwa cha Mpagazi: Vyombo vya Askari wa Kujitolea wa Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, 1914-1918

Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914, koloni iliyoitwa wakati huo Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, ndiyo Kenya ya leo, haikuwa na jeshi la kutosha hata kulinda reli yake. Vikosi vitatu vya King's African Rifles vilikuwa vimetawanyika kutoka Nyasaland hadi mpaka wa nchi ya Wasomali, na hesabu ya askari wote haikufika 3,000. Ng'ambo ya mpaka, katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na jeshi dogo lililofunzwa vema. Reli ya Uganda, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa koloni yote, ilipita karibu na mpaka huo, na mtu mwenye baruti na moyo mkavu angeweza kuifikia kwa safari ya siku chache.

Habari za vita zilipofika mashambani, walowezi waliteremka Nairobi makundi kwa makundi. Wengine walikuja na bunduki za kuwindia tembo, wengine na bastola za babu zao, na karibu wote na mnyama wa kupanda. Wakajiandikisha kwa hiari, na kutokana nao likaundwa jeshi lililoitwa East African Mounted Rifles. Mwanzoni lilikuwa mkusanyiko wa vikundi vyenye majina ya fahari: Bowker's Horse, Wessel's Scouts, Arnoldi's Scouts, ambao walikuwa Makaburu wa Uasin Gishu, na Monica's Own, kilichochukua jina la binti wa Gavana Henry Belfield. Ni jeshi ambalo vitabu vya walowezi vimelipamba sana. Katika vitabu hivyo msomaji hukuta vichekesho vya kila namna: bwana mmoja aliyekataa kuvaa sare, mwingine aliyekuja na mtumishi, mpishi na chupa zake. Picha za wakati ule zaonyesha hata farasi mweupe aliyepakwa mistari ili afanane na punda milia, adui asimtambue kwa mbali.

Jambo ambalo vitabu hivyo havikulishughulikia sana ni swali lililo rahisi kuliuliza na gumu kulijibu: askari hao walipanda nini, mizigo yao ilivutwa na nini, na vyombo hivyo vilipochakaa au kufa, mahali pake pakawekwa nini? Majeshi ya kujitolea ya makoloni yote yalikuwa na tabia moja. Mtu alikuja na chombo chake mwenyewe, kikazeeka naye kazini, na serikali, ambayo haikuwa na fedha wala haraka, ikangoja hadi chombo kimekufa ndipo itafute kingine. Katika Afrika ya Mashariki kungoja huko kulikuwa na bei, na walioilipa hawakuwa wale walioandikisha majina yao kwa hiari.

Wanyama

Farasi wa walowezi hawakuwa farasi wa vita. Walikuwa wanyama wa shambani, wa kuwindia na wa kucheza polo, wengine wazee, wengine wagonjwa tayari. Palipokosekana farasi walitumia nyumbu. Yafaa kukumbusha hapa kwamba Kiswahili chatumia neno hilo moja kwa wanyama wawili: yule wa mwituni aendaye kwa makundi makubwa katika mbuga za Serengeti, na yule chotara wa punda na farasi. Katika habari za vita hivi anayetajwa ni huyu wa pili, ambaye wengine humwita baghala.

Mizigo ilikokotwa na maksai. Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 walikuwa wamekuja na magari makubwa yenye paa la turubali, kila moja likivutwa na maksai kumi na sita, na ujuzi huo wa kuendesha maksai ndio uliokuwa usafiri wa kweli wa jeshi la kujitolea katika miezi ya kwanza. Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na Nairobi, ameeleza katika kitabu chake Out of Africa jinsi alivyoletewa agizo la kupeleka magari manne ya maksai mpakani, kwa Lord Delamere na mumewe Bror waliokuwa wakipeleleza huko. Kijana Mzungu aliyekuwa aongoze msafara alikamatwa kwa kudhaniwa Mjerumani, kwa hiyo mama huyo akaongoza safari mwenyewe, na usiku mmoja simba wakawaingilia maksai. Kisa hicho kimesomwa duniani kote kama hadithi ya ushujaa wa mwanamke mmoja. Mwanahistoria hukisoma pia kwa namna nyingine: jeshi la nchi lilitegemea maksai wa mashamba ya watu, na mstari wote wa chakula ungeweza kukatwa na simba wawili.

Udhaifu huo ulionekana mapema. Tarehe 3 Novemba 1914, wakati majeshi kutoka Uhindi yalipokuwa yakishindwa Tanga, askari wa kujitolea pamoja na askari wa Kihindi walishambulia mlima Longido. Mlima ule hauna maji ya kutosha, kwa hiyo maji yalibebwa na nyumbu. Risasi zilipoanza kulia, nyumbu waliokuwa na maji walitimua mbio wakarudi walikotoka. Kabla ya usiku kuingia, watu wenye bunduki na risasi za kutosha walikuwa na koo kavu, na amri ya kurudi nyuma ikatolewa. Wajerumani wenyewe waliuacha mlima siku chache baadaye, lakini hilo halikuwa sifa ya washambulizi.

Hata hivyo adui mkubwa wa farasi hakuwa risasi. Alikuwa mbung'o. Hili halikuwa fumbo. David Bruce alikuwa amekwisha kugundua vijidudu vya nagana katika nchi ya Wazulu kwenye miaka ya 1890, na wenyeji walijua siku nyingi kabla yake ya kuwa kuna nchi ambazo ng'ombe hapiti akapona. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji haikubeba pembe kwa mabega ya Wanyamwezi kwa sababu ya kukosa akili ya kutumia gari. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu magari ya maksai kutoka Saadani mwaka 1877, maksai wakafa. Mfalme Leopold wa Pili alileta tembo wanne wa Uhindi mwaka 1879, wateremshwe pwani karibu na Dar es Salaam na kupelekwa Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Nao wakafa mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo Jan Smuts alipochukua uongozi wa majeshi mwezi Februari 1916 na kuleta maelfu ya wapanda farasi kutoka Afrika ya Kusini, elimu ya jambo hilo ilikuwapo. Kilichokosekana ni nia ya kuisikiliza. Vita vya farasi vilikuwa vimempa Smuts jina alipokuwa kijana akipigana na Waingereza, na si rahisi jemadari kuiacha silaha iliyompa jina.

Kikosi cha wapanda farasi cha Van Deventer kiliondoka upande wa Arusha mwanzoni mwa Aprili 1916, kikakamata Lolkisale, na tarehe 19 Aprili kikaingia Kondoa Irangi. Kwenye ramani ilikuwa safari ya ajabu kwa upesi wake. Kwenye njia yenyewe ilikuwa mstari wa mizoga. Karibu nusu tu ya wapanda farasi 1,200 waliingia Kondoa wakiwa bado na mnyama. Kisha mvua za masika zikafunga njia nyuma yao, magari yakazama matopeni, na kwa majuma kadhaa kikosi kikaishi kwa chakula kilichobebwa kichwani na wapagazi kutoka Lolkisale, mwendo wa karibu kilometa 200.

Kati ya nusu ya Septemba na nusu ya Novemba 1916 peke yake, majeshi ya Smuts yalipoteza farasi 10,000, nyumbu 10,000, maksai 11,000 na punda 2,500. Hesabu hizo zastahili kusomwa polepole. Kila farasi aliyekufa alibadilishwa na farasi mwingine aliyeletwa kwa meli kutoka kusini, naye akafa kwa muda wa majuma machache. Huko hakukuwa kubadilisha chombo kilichochakaa, bali kulisha mbung'o.

Mashine zilizokunywa maji ya vibuyu

Wakati huohuo upande wa Kongo kulitokea jambo ambalo wakazi wa Katanga walilishuhudia kwa macho, na ambalo laonyesha swali hilihili kwa sura nyingine. Mwaka 1915 Waingereza walituma mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, zikapigane na meli za Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Kiongozi alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, na baadhi ya watu wake walikuwa wa akiba ya kujitolea ya jeshi la majini. Mashua zilipakiwa garimoshi huko Cape Town, zikapita Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, hadi Fungurume, ambako reli ilikuwa imekoma. Kutoka hapo hadi Sankisia kulikuwa na milima ya Mitumba na pori lisilo na barabara.

Mashua zilivutwa na matrekta mawili makubwa ya mvuke. Njia ilikatwa na watu wa vijiji, madaraja ya miti yakajengwa kwa wingi juu ya vijito na mabonde. Penye mteremko mkali trekta lilishindwa kupanda, zikatumika kamba, makapi na maksai. Lakini taabu kubwa ilikuwa maji. Trekta la mvuke lina kiu kuliko kundi la ngamia, na majira yalikuwa ya kiangazi. Maji ya birika yalipokwisha, wanawake wa vijiji vya jirani waliajiriwa kuyachota mbali na kuyaleta vichwani. Katika maandishi ya Wazungu kuhusu safari hiyo tukio hili hupewa mistari michache, tena kwa kicheko. Ukweli ni kwamba bila wanawake hao matrekta yangalisimama pale Mitumba hadi masika.

Kutoka Sankisia mashua zilipelekwa kwa reli ndogo hadi Bukama, zikateremka mto Lualaba hadi Kabalo, zikapanda reli tena hadi Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, mwisho wa Oktoba 1915. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata meli ya Kijerumani Kingani, ikapewa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Graf von Götzen, iliyokuwa kubwa kuliko zote, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi Julai 1916. Baadaye ikaibuliwa, na tangu mwaka 1927 ikasafiri ziwani kwa jina la Liemba.

Kifaru

Magari ya deraya, yaani magari yaliyovishwa mabamba ya chuma na kufungwa bunduki ya rashasha juu, yaliletwa Afrika ya Mashariki mwaka 1915 na jeshi la majini la Uingereza. Yalikuwa Rolls-Royce, na kila moja lilikuwa na uzito wa karibu tani nne. Askari wa kujitolea waliokuwa wamechoka kuzika farasi waliyapokea kwa furaha. Hapa hatimaye palikuwa na mnyama asiyeumwa na mbung'o.

Askari wa upande wa Wajerumani, ambao lugha yao ya jeshi ilikuwa Kiswahili, waliyaona yakija mbio huku yakivunja vichaka, ngozi yao haipenyi risasi, nayo yanafuata sauti kuliko macho. Inasimuliwa ya kuwa waliyaita vifaru. Jina hilo lilifaa mno kiasi cha kwamba halikufa. Leo katika Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya kifaru ni gari la vita lenye minyororo, na mtoto wa shule aweza kulijua neno kwa maana hiyo kabla hajamwona mnyama mwenyewe.

Lakini gari la deraya lilikuwa na magonjwa yake. Udongo mweusi wa mbuga, ukinyeshewa, hushika gurudumu kama gundi. Visiki vilivyofichwa na nyasi vilivunja mihimili. Jua lilipochemsha chuma, ndani ya gari hapakukalika. Katika mapigano ya Salaita tarehe 12 Februari 1916 magari yalikuwapo, na bado askari wa Afrika ya Kusini walirudishwa nyuma, maana kilima kilichozungukwa na miiba hakichukuliwi kwa magurudumu. Kazi yaliyoifanya vema zaidi ilikuwa ile ndogo: kulinda njia, kupeleleza na kutisha.

Chombo kilichofaa kuliko vyote kilikuwa kile ambacho wapanda farasi walikidharau: Ford ndogo, ile iliyoitwa Model T. Ilikuwa nyepesi. Ikikwama, watu kadhaa waliweza kuinyanyua na kuitoa topeni, jambo lisilowezekana kwa lori la tani tatu. Magari haya yalibeba majeruhi, barua, risasi na unga. Lakini yalizeeka upesi mno. Hapakuwa na barabara, ila vijia vilivyopanuliwa kwa panga; mipira ilipasuka, chemchemi zilikatika, na vipuri vilikuwa ng'ambo ya bahari. Gari lililoharibika lilivuliwa viungo vyake ili jingine lipate kwenda siku chache zaidi. Petroli yenyewe ilisafiri katika madebe, na pale gari lilipogoma debe lilipanda kichwani mwa mtu.

Busara ya mafundi wa vita hivi haipaswi kupuuzwa. Mwaka 1916 Wajerumani waliporudi nyuma na kuharibu madaraja na vichwa vya garimoshi katika reli ya kati, mafundi wa Afrika ya Kusini waliyafunga magari ya mota magurudumu ya reli yakaenda juu ya chuma kati ya Dodoma na Morogoro. Lilikuwa jambo la akili, na lilifanya kazi. Ila reli ile ilikuwa moja, na vita vilikuwa vimekwisha kuhamia kusini, kwenye mito ya Rufiji na Ruvuma, ambako hapakuwa na reli wala barabara.

Hesabu ya mzigo

Farasi walipokufa na magari yakakwama, jeshi lilirudi kwa chombo cha kale kuliko vyote. Kikosi cha Wapagazi kilianzishwa mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins, ofisa wa serikali aliyejua Kiswahili vizuri. Mwanzoni kilikuwa kidogo, na baadhi ya watu walikuja kwa ajili ya mshahara. Mwaka 1915 sheria ikatoa ruhusa ya kuwakamata watu kwa kazi hiyo. Mwezi Machi 1917, John Ainsworth alipopewa jukumu la kutafuta watu, machifu waliagizwa kutoa wanaume kwa hesabu, na kwa miezi michache zaidi ya watu 100,000 wakakusanywa. Vijiji vingine vilibaki na wazee, wanawake na watoto.

Jeshi linalotegemea wapagazi lina hesabu yake, na hesabu hiyo ni katili. Mtu abebaye kilo 25 na kula kilo moja kwa siku, akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe. Askari aliye mwisho wa njia apata kilo tano. Njia ikirefuka hadi siku kumi na tatu, hapati chochote. Kwa hiyo kila hatua jeshi liliyoipiga mbele ilidai wapagazi wengi zaidi wa kuwalisha wapagazi. Pale walipokosekana, kilichopunguzwa kilikuwa chakula chao. Unga wa mahindi uliopikwa nusunusu, kwa watu ambao wengi wao kwao walikula ndizi, mtama au viazi, ulileta kuhara damu. Kuhara damu, homa na vichomi viliua kuliko vita. Wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza, kwa makadirio ya baadaye, walikaribia 95,000. Wa Kenya peke yao walipita 40,000.

Wajerumani hawakuwa na njia nyingine. Mizinga kumi mikubwa iliyotolewa katika meli Königsberg, baada ya kuzamishwa Rufiji mwezi Julai 1915, ilikokotwa nchi nzima kwa kamba na mamia ya watu. Wabelgiji pia. Force Publique ya Tombeur iliingia Kigali mwezi Mei 1916 na Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na mwaka 1917 ikafika Mahenge. Wapagazi waliotumika kwa upande wa Kongo katika vita vyote hukadiriwa kufika 260,000. Ushindi wa Tabora ulisherehekewa kwa majina ya njia na sanamu. Familia nyingi za Kivu na Maniema zilikumbuka mwaka huohuo kwa mtu aliyeondoka na mzigo na asirudi.

Na wale wapanda farasi wa kujitolea? Jeshi lao liliyeyuka kama chumvi. Wengi walihamishwa wakawa maofisa wa King's African Rifles, ambayo iliongezwa hadi kupita askari 30,000 mwaka 1918, au wasimamizi wa wapagazi, kwa sababu walijua Kiswahili, au angalau kile Kiswahili cha amri kilichozungumzwa mashambani. Wengine waliugua wakarudi nyumbani. Mwaka 1917 waliobaki chini ya jina la kwanza walikuwa wachache sana. Mtu aliyekuja Nairobi Agosti 1914 juu ya farasi wake mwenyewe aliweza kujikuta miaka mitatu baadaye akitembea kwa miguu karibu na Ruvuma, nyuma yake mstari wa watu mia na masanduku vichwani. Maandishi ya baadhi yao yana heshima ya kweli kwa wapagazi. Ya wengine yana manung'uniko tu juu ya kupotea kwa farasi.

Maneno na madeni

Von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Vita vilikuwa vimeacha maneno mengi. Carrier Corps ikawa Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi, mahali palipokuwa kambi za wapagazi. Upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini waliitwa tengatenga. Motokari, neno ambalo katika miji ya pwani lilishindwa na gari, lilishika mizizi Kongo. Huko kamyo ni lori na shofere ni dereva, kwa kuwa gari lilikuja na Kifaransa ubavuni. Jambo hili ladai uchunguzi wa peke yake: msamiati wa gari katika Kiswahili umegawanyika karibu sawasawa na mipaka ya majeshi ya wakati ule.

Walowezi wa Kenya walianzisha majeshi mengine baadaye, la mwisho likiwa Kenya Regiment mwaka 1937, nalo likavunjwa mwaka 1963. Safari hii hakuna aliyekuja na farasi. Lakini mtindo wa kuingia vitani na chombo pungufu haukwisha. Tarehe 19 Mei 1941 huko Colito, Ethiopia, Sajini Nigel Leakey, mwana wa walowezi aliyetumika katika King's African Rifles, alirukia vifaru vya Waitalia kwa miguu, na bastola mkononi, kwa kuwa wenzake hawakuwa na silaha ya kuvizuia. Alimiliki kimoja, akafa akitafuta cha pili, akapewa Victoria Cross baada ya vita.

Kwa wapagazi wa vita vya kwanza, nishani zilikuwa chache na hesabu haikufungwa. Sanamu iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928, katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue, yamwonyesha mpagazi kando ya askari. Mishahara ya wale waliokufa bila jamaa zao kujulikana ilibaki katika vitabu vya serikali. Watkins alidai ilipwe, au itumiwe kwa faida ya watu wa wilaya walizotoka. London na Nairobi zikaandikiana barua juu ya fedha hizo kwa miaka mingi, na mwishowe fedha hazikutolewa. Namba za wapagazi, zilizoandikwa kwenye vibati walivyovaa, ndizo zilizowazoesha maofisa wazo la kumwandikisha kila mwanamume Mwafrika. Kuanzia mwaka 1919 na 1920 wazo hilo likatekelezwa Kenya nzima, safari hii kwa kikaratasi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, nacho kikaitwa kipande.